Rimoti ya Madam wa Ruwais

Saumu mjukuu wangu,

Assalamu alaikum. Huku Kilifi tu wazima. Mamako goti limepata nafuu, na yule mbuzi wako amezaa pacha.

Umeniuliza kama ukubali. Madam wako hapo Riyadh ametazama filamu za visiwa vya Ugiriki mpaka akavipenda, sasa anataka mwende likizo huko, umwangalilie watoto. Tangu nilisome swali lako usingizi hauji.

Nilipofanya kazi Jeddah, kule mtaa wa Ruwais, madam wangu naye alipenda filamu hizo. Mimi na watoto tulikaa kwenye zulia, tukaona nyumba nyeupe, bahari na watu wakicheza harusini. Mwanamume akimsogelea mwanamke tu, madam hubonyeza rimoti, picha zikakimbia. "Kwa ajili ya watoto," aliniambia. Nikaona ni sawa.

Siku moja watoto walikuwa kwa nyanya yao, tukatazama wawili tu. Kwenye filamu, msichana aliyefua mashuka ya hoteli kisiwani alimwendea bosi wake. "Nipe paspoti yangu," alimwambia, "nataka kurudi kwetu." Kabla bosi hajajibu, madam akabonyeza rimoti.

Mpaka leo sijui alijibiwa nini.

Sikukatazi, mwanangu. Hata mimi nilikitamani kisiwa kile. Lakini muulize madam wako paspoti yako itakaa kwa nani. Akianza kukusimulia bahari na nyumba nyeupe, jua amebonyeza rimoti.

Nyanyako,
Mwanaisha