Paka si najisi

Ipole, Jumapili. Joto limeanza mapema, na moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku umetanda chini kama umekataa kuondoka. Nimekaa nyuma ya duka tunapochajisha simu. Leo sina hamu ya kuandika habari za kazi.

Mwanangu anaumwa, na nadhani nimemuumiza mimi.

Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani Ng'ambo, nilimpelekea Zuhura mtoto wa paka. Alizaliwa kando ya bani ninalolilisha kuni, basi Zuhura akamwita Bani. Njia nzima kwenye basi paka yule alikuwa anaharisha ndani ya boksi. Niliona. Nilipofika nikalitupa boksi kabla mtu hajaliangalia, nikajiambia ni uchovu wa safari tu.

Mke wangu alitaka paka akae uani kwanza. Nikamjibu kwa sauti ya mwenye nyumba, mimi ninayelala nyumbani mara chache: "Paka si najisi, Mama Zuhura. Mbona unamfanya kama mbwa?"

"Si najisi, sawa," akasema. "Na mavi yake?"

Nikacheka. Mama yake, mama mkwe wangu, naye akacheka. Jioni ile Bani alikula kwenye sahani moja na Zuhura, nami nikawapiga picha nikaiweka hapa kwenye ukurasa wangu. Wengi wenu mliipenda.

Nilikuwa nimesharudi kazini nilipopigiwa na mke wangu kwamba Zuhura ana homa na anaharisha damu. Neno langu la kwanza halikuwa pole. Nilisema, "Umempa kiporo."

Mama mkwe alikuwa karibu, akadakia: "Namwambia kila siku, uji wa jana haunyweki!"

Mke wangu alisema tu kwamba anampeleka hospitali.

Jana, wakiwa hospitalini, alimpa muuguzi simu. Muuguzi akauliza kama nyumbani kuna mnyama anayeharisha. Nikasema yupo paka, kisha nikawahi kuongeza, "Lakini paka si najisi, dada."

"Sijakuuliza kama unaweza kuswali alipolala, kaka. Nimekuuliza kama anaharisha. Na mtoto ananawa kwa sabuni akishamshika?"



Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu aliyeishia darasa la saba. Kuna bakteria wanaokaa kwenye utumbo wa paka na mbwa, hasa wale wadogo, na hutoka na kinyesi. Mtoto anashika manyoya, anatia vidole mdomoni, basi. Hakuapa kwamba ni paka. Alisema yaweza kuwa maji, au kuku asiyeiva vizuri, wanasubiri vipimo. Lakini mimi nililikumbuka boksi.

Nikasema huyo paka atupwe leo leo. Muuguzi akakataa. Apelekwe kwa daktari wa mifugo, akae uani, na anayesafisha uchafu wake anawe. Kosa si la paka, akasema.

Asubuhi hii homa imeshuka. Zuhura amekunywa maji ya dawa bila kutapika, ingawa bado ni mnyonge na hawajamruhusu. Alipopewa simu aliuliza kitu kimoja: "Baba, Bani naye kachomwa sindano?"

Na hapo nyuma yake nikamsikia mama mkwe akimsimulia mgonjwa wa kitanda cha jirani: "Ni uji wa jana huo. Mama yake mvivu."

Nilikuwa na la kusema. Nikasema salio linaisha, nikakata. Salio lilikuwepo.

Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata paka.

Ile picha ya sahani siifuti. Nimeandika chini yake: msifanye hivi.

Simu imejaa chaji sasa. Nitapiga, nimwombe Mama Zuhura aweke spika ili mama yake asikie. Nitatoa shikamoo, nisubiri marahaba. Kisha nitawaambia nilichokiona ndani ya boksi.