Chupa za Ndege Usizishushe

Baba, hapana! Umewasha gari ukaondoka ukidhani umeshinda, basi jibu langu lisome hapa.

Chupa za maji ya sukari za ndege wavumaji, wale wadogo wanaofyonza maua, nimezirudisha nyuma ya nyumba, zote mbili. Usizishushe tena. Sukari kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne, na ile rangi nyekundu ya kutia kwenye maji nimeitupa, haiwafai. Kwa joto hili la Rockport, maji yabadilishe kila baada ya siku mbili, yasichache. Yule dume mgomvi anafukuza wenzake, ndiyo maana chupa ya pili nimeitundika mbali kidogo, hukohuko nyuma, upande wa gereji.

Asubuhi ulipozishusha ulisema, "Ukiwalisha hawataondoka. Jitazame wewe, shule umemaliza Mei na bado uko mezani kwangu!" Mzee, hilo limeniuma. Halafu hukukaa ukaona. Walikuja wakawa wanaelea hewani palepale chupa ilipokuwa, wanatafuta.

Baba, wale wanakula ili waondoke. Wasiponenepa sasa hivi, wataivukaje Ghuba, bahari yote hii iliyo mbele yetu, usiku kucha bila pa kutua? Hakuna anayebaki kwa ajili ya sukari. Siku zikifupika wanakwenda tu.

Nimepata kazi bandarini Galveston. Sikukwambia maana ungecheka. ~~Usinitafute.~~ Nipigie Jumapili.

Maharage yapo kwenye friji. Koti lako la mvua nimelibeba, samahani.

Rafiki yangu Wes anayenipeleka keshapiga honi, atawasumbua majirani. Natoka, nafunga mlango.

Mwanao,
Colby