Likompyuta la Benki na Masufuria ya Kanisani

Jumatatu, 12 Mei 2025

Kauntabuku, mwamba wangu, mambo! Leo injinia wako kapigiwa simu kutoka Dar! Kampuni inayotunza mifumo ya mabenki. Dada wa huko, sauti kama ya redioni, kasema wameona maombi yangu. Usaili Jumatatu ijayo, saa nne asubuhi, kwa video. Niwaonyeshe programu yangu moja ikifanya kazi, na niwaeleze iko kwenye mashine gani. Nikajibu kwa Kiingereza cha kishujaa. Yeye akaendelea na Kiswahili.

Mashine yangu! Mashine yenyewe sina. Kuna kampuni ndogo huko Ulaya inakodisha meinfremu mtandaoni — lile likompyuta la benki, ila wao wanaliigiza ndani ya kompyuta za kawaida. Ndiyo maana hata mimi naimudu. Naingia kwa kompyuta ya steshenari ya Bi Hanifa, wateja wakiisha. Nimejifundisha hivyo tangu mwaka jana. Status yangu ya WhatsApp: "Injinia wa Meinfremu, Kyela". Wilaya nzima niko peke yangu. Wa kwanza, na wa mwisho!

Nimempa Bi Hanifa habari. "Mashallah. Sasa njoo, printa imekula karatasi, injinia."

Jumanne, 13 Mei

Nimekwisha.

Barua pepe kutoka kwa wale wa Ulaya. Mwenye mfumo — kampuni kubwa iliyoutengeneza — amegoma kuwaongezea leseni. Anasema mfumo wake ukae kwenye mashine zake tu, si za kuigiza. Wamefikishana mahakamani. Ijumaa jioni wanazima. Kila mtu ahamishe faili zake.

Mashine zake! Uza kokoa yote ya Kyela, labda upate mlango wake.

Bi Hanifa kauliza si nihamie kwa mwingine? Nikamwambia waliobaki wanatoza bei ya benki. "Basi fungua benki," kasema, akaendelea kulaminisha vyeti.

Jumatano, 14 Mei

Nimehamisha faili zote! Kwa mbwembwe. Nikachapa moja nione jasho langu kwenye karatasi. Imetoka mikwaruzo mitupu — alama, viboksi, mkia wa kitu gani sijui. Bi Hanifa kaigeuza juu chini. "Andongwisye, hii hirizi umeandikiwa na nani?"

Kosa la mtoto mchanga. Yale makompyuta yana herufi zake yenyewe. Unapohamisha lazima uyaambie yageuze. Sikuyaambia. Mimi! Niliyemsimanga mtu kwenye grupu mwezi uliopita kwa kosa hilohilo!

Nikakaa kurudia. Umeme ukakatika.

Ijumaa, 16 Mei

Umeme umerudi mchana. Nimehamisha upya, safari hii zinasomeka. Ya mwisho ilipoingia, jioni hii, skrini ikaganda. Kisha mstari mmoja: huduma imefungwa, asanteni.

Nimeishika monita kama mgonjwa. Bi Hanifa kafunga duka mapema, kanipa maandazi kwenye gazeti. Bora angenitania.

Jumapili, 18 Mei

Nimeenda kwa mama, kijijini Talatala. Mvua haina adabu, tumeingiza kokoa ndani, inachacha, nyumba nzima inanuka pombe. Tukiigeuza kwenye mikeka nikamweleza yaliyonipata. Kacheka. "Mimi chungu nanunua sokoni Lyulilo. Namjazia mfinyanzi, mama wa Kikisi, mahindi humohumo ndani, yeye anabeba mahindi, mimi nabeba chungu. Hajawahi kunifuata kuuliza napikia mafiga ya nani!"

Nikasema, mama, nenda mahakamani ukanitetee.

Hatujamaliza kugeuza, kaingia jirani, Mama Anyelwisye, kalowa. Mama ndiye mtunza masufuria makubwa ya akina mama wa kanisani. Mama Anyelwisye aliazima moja la ubatizo — kumbe ubatizo ulipoisha kampa shemeji yake, limeenda kupikia harusi Kasumulu. Mama akawaka!

"Nilikupa wewe, upikie kwako!"

"Lakini dada, halijatoboka."

"Nimesema limetoboka?"

Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Mama kanigeukia. "Na wewe unacheka nini?"

"Mama, hiyo ndiyo leseni."

 Mama Anyelwisye akaaga haraka kwa asante nyingi za Kinyakyusa, ndaga fijo, ndaga fijo, akaenda kutafuta sufuria. Mama kageuza kokoa upande mzima ndipo akasema, "Kumbe wewe hukununua chungu. Uliazima kwa aliyeazima."

Halafu baadaye, kama anajisemea: "Ila huyo mwenye masufuria... anayo mangapi, na wenye njaa wangapi?"

Jumatatu, 19 Mei

Saa nne kasoro. Niko dukani na shati la kanisani, chini kaptula.

Jana jioni nimerudi dukani, nikajaribu kuigiza kwenye kompyuta hii toleo la kale la mfumo uleule, la bure, ambalo halina kesi na mtu. Mzee kweli! Nusu ya programu yangu haielewi. Inakokotoa riba vizuri, ikifika kwenye ripoti inaanguka.

Na leo asubuhi kaja Dulla, anayeuza simu Kasumulu, kasikia msiba wangu. Ana diski. Mfumo mpya wenyewe, umeshasetiwa, unachomeka tu. Leseni? "Injinia, acha utani. Nani atatoka huko aliko aje Kyela kukukamata kwa kompyuta ambayo hata polisi hawaijui?"

Nimeichomeka. Kujaribu tu! Programu yangu imepita yote, mpaka ripoti, safi kama maji. Nikaichomoa kama imeniunguza.

Bi Hanifa alikuwa anaona. "Kompyuta ni yangu," kasema. "Mkono ni wako."

Mama katuma meseji: sufuria limerudi, limesuguliwa linang'aa. Mama Anyelwisye hapewi tena.

Dada wa Dar ataniuliza iko kwenye mashine gani. Nimejizoeza majibu mawili. Moja linaanguka kwenye ripoti. Jingine linapita mpaka ripoti, ila leseni hakuna.

Inaita! Video inaita! Dulla kanyoosha diski, Bi Hanifa kajifanya anahesabu bahasha —

Kauntabuku, mwamba, sema haraka: ungekuwa wewe, ungechomeka?