Kipande cha Kitenge cha Mama

Jumamosi, 30 Novemba
Miguu ya kiti imeshika. Vipande vinne vya bua la mahindi, urefu wa njiti ya kiberiti. Mmoja umepinda, nitaukata upya.

Saa kumi mwalimu mwenzangu amepiga hodi. Nimefunika meza kwa kanga, nikamwambia mlangoni kwamba nasahihisha mitihani. Miaka arobaini na saba, mkuu wa idara, najifungia nyumbani kwangu hapa Msamala najipikilisha kama mtoto. Mtu mzima ovyo.

Ni chumba cha mama ndani ya boksi la viatu. Kama alivyokipamba kila Krismasi: minyororo ya karatasi darini, nyota juu ya mlango. Minyororo nimeikata kwa karatasi za pipi. Alifariki Oktoba. Kitanda bado hakina shuka.

Jumapili, 1 Desemba
Namtumbo, nyumbani kwa mama. Maandalizi ya arobaini. Wifi yangu Zuhura, mke wa mdogo wangu Kastori, amefua nguo zote za marehemu, kazikunja, kazipanga sandukuni zisubiri kugawiwa. Kazi ya mabinti wa nyumba. Kaifanya yeye.

Nimebaki chumbani peke yangu. Kitenge cha bluu, chenye ndege, cha misa ya Krismasi. Mkasi wa kucha ulikuwa mkobani. Nimekata pembeni, mraba wa kiganja cha mtoto. Nikajiambia hakuna atakayeona.

Alhamisi, 5 Desemba
Kitanda kimetandikwa. Ndege wawili wametokea juu, mikia tu ndiyo imebaki kwenye kitenge. Nimekaa nakitazama mpaka chai ikapoa. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna hii, na sina wa kumwonyesha.

Jumamosi, 7 Desemba
Arobaini. Misa, nyama, ugali, watu wengi. Kisha nguo zikagawiwa. Mama Mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyepewa kitenge cha bluu. Akakikunjua mbele ya wote.

Tundu la mraba.

"Panya hana mkasi," akasema. "Nani kakata nguo ya marehemu?"

Huku kwetu hakuna asiyejua kipande cha namna hiyo huchukuliwa kwa kazi gani: uchawi. Wakaulizana nani alizishika nguo. Wote wakamgeukia Zuhura. Mtoto wa Tunduru, ukoo mwingine, dini nyingine. Akaapa kwa Mungu. Alikuwa ameketi ubavuni kwangu, goti lake likigusa langu.

Nikaangalia sahani yangu. Nikamega ugali.

Sikuogopa kuitwa mchawi. Niliogopa kuchekwa. Ndiyo ukweli, na unanuka.

Jumatatu, 9 Desemba
Kastori kapiga simu. Mama Mkubwa ametoa sharti: Zuhura aende kwa mganga akanyolewe nywele, atolewe uchawi, ndipo akae tena kwenye ukoo. Zuhura kakataa. Asubuhi kapanda basi la Tunduru na mabegi mawili, karudi kwao.

Mwanamume mtu mzima analia kwenye simu. Nikamwambia pole. Pole! Neno hilo tu ndilo nililokuwa nalo.

Jumatano, 11 Desemba
Nimewasha mkaa nichome boksi lote. Nikashindwa. Nikalirudisha chini ya kitanda. Kwa hiyo kijumba cha karatasi nakionea huruma, na mke wa ndugu yangu simwonei.

Sijala.

Jumamosi, 14 Desemba
Nimepiga moyo konde. Basi la asubuhi la Namtumbo, boksi mapajani, kanga juu yake. Abiria wa pembeni kaniuliza kama ni vifaranga. Nikasema ndiyo.

Nimeliweka mkekani mbele ya Mama Mkubwa na Kastori. Shikamoo, kisha nikafunua. Nikakitoa kishuka kitandani, nikakilaza penye tundu la kitenge. Ndege wakaungana na mikia yao.

Mama Mkubwa akainama, akachungulia ndani muda mrefu. Akakigusa kiti kwa ncha ya kidole.

"Ndiyo kazi unayofanya, mwanangu? Na elimu yako yote?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini huko kuchekwa nilikokuogopa kulikuwa kudogo. Kastori hakulitazama boksi kabisa. Alinitazama mimi.

"Dada, siku ile ulikaa naye bega kwa bega."

Nikalifunika boksi kwa kanga.

Jumanne, 17 Desemba
Tunduru jana, nimerudi leo. Nilikwenda na Kastori. Baba yake Zuhura alitupokea vizuri, akatuletea mkeka, akatuacha tuzungumze. Nilisema yote bila kuzungukazunguka. Zuhura alisikiliza akichambua mchele. Alipomaliza sinia, akasema atarudi Namtumbo kwa mumewe kabla ya mwaka mpya. Mama Mkubwa amekwishatuma salamu za kuomba radhi, nazo kazipokea.

Leo asubuhi alinisindikiza stendi. Alinibebea mkoba. Alinitafutia kiti cha dirishani, akanunua korosho, akanipa.

Nikamwambia, "Asante, wifi."

"Safari njema, Mwalimu," akajibu, kwa adabu kabisa.

Miaka kumi na mmoja ya kuniita wifi, hajawahi kuniita hivyo. Basi liliondoka saa moja kasoro. Nimefika salama.