Spika ya Mama Mkwe Inakatika Saa Tisa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo wifi zangu wanakuja kukaa kikao na mshtakiwa ni mimi.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni, na mama mkwe tuliishi vizuri mpaka mume wangu alipotuletea spika za waifai, zile unaziamuru kwa simu, moja akaiweka chumbani kwa mama asikilize kipindi chake cha saa tisa alasiri, nyingine akaondoka nayo alipopata kazi ya ulinzi wa usiku mji mwingine, na tangu aondoke ni siku ya kumi na mbili, namwashia mama kipindi, kinaanza vizuri, dakika tano hazijapita, mtangazaji katikati ya sentensi, kimya. Umeme upo, cherehani inazunguka. Nabonyeza kuwasha kwenye simu, simu inaniambia imeshawaka. Basi nachomoa waya, nachomeka tena, na kwa kuwa waya wake umepita chini ya mlango hadi kwenye soketi iliyo miguuni pangu, mama akitoka ananikuta nimeshika plagi.

"Mwanangu, kama sauti yangu inakukera, sema. Mimi si wa kufukuzwa kwa vitendo."

Jana ameshusha begi juu ya kabati, anataka kuhamia kwa wifi yangu mkubwa, naye amesema, "Nilijua tu. Fundi huyo, kukata ndiyo kazi yake."

Mama anataka niape kikaoni kwamba sijawahi kuizima. Mshauri, siku ya kwanza niliizima. Kipindi kilihusu wakamwana wasio na adabu, na mama alikuwa anaitikia, "Wapo! Tunao!" kwa sauti ya kunifikia mimi, nikaikanyaga plagi ikatoka. Nadhani ndipo nilipoiharibu. Niape?

Mkamwana kwenye soketi

*

Fundi, usiape. Na hiyo plagi usiiguse tena.

Kwa kuwa kikao hakisubiri gazeti, nilikupigia simu juzi, saa tisa na robo, nikakuuliza taa ya spika ina rangi gani. Ukasema, "Nyekundu, imeungua." Haijaungua, fundi. Spika isiyo na umeme haina taa yoyote. Hiyo yako nyekundu maana yake umeme inao, mtandao inao, ila imeambiwa inyamaze, na inatii kuliko watu wengi ninaowajua. Kuichomoa ni sawa na kumzimisha mtu aliyekatazwa kusema: akizinduka, katazo liko palepale.

Nani kaikataza? Simu mlizo nazo ni mbili, yako na ya mumeo. Nikakwambia umpigie, umuunganishe nasi kwenye simu hiyohiyo. Majibu yake uliyasikia: "Hii spika yangu ina wazimu, kila siku saa tisa inaanza kuongea yenyewe, na mimi nimetoka zamu, nimelala. Naifunga sauti, narudi kulala."

Spika hizo zilitoka boksi moja na kwenye simu bado zimefungwa jozi. Ukimwashia mama, unamwamsha mwanawe. Mwanawe akifunga sauti yake, anamfunga mama. Siku kumi na moja nzima mnaitana wachawi, na mchawi yuko kitandani na soksi.

Mwambie mumeo leo afungue programu, azitenganishe, kila moja ijitegemee. Ikinyamaza tena, tazama taa kwanza. Nyekundu, gusa alama ya kufungua sauti. Hakuna taa, hapo ndipo uinamie soketi.

Lakini usijione malaika. Siku ya kwanza ilikuwa wewe, na kumwacha mama afungashe ili usikiri mguu wako ulipopita ni utoto. Mwambie leo, mko wawili, kabla ya wifi yako kuvua viatu mlangoni. Na ukimaliza, hamisha huo waya uende soketi ya chumbani kwake. Mtu mzima awe na plagi yake.

Usiogope. Nilikuwa bado kwenye simu ulipofungua sauti na kumweleza mama mkwe habari za mwanawe. Nilimsikia akicheka mpaka akakohoa, halafu akakuita: "Hebu njoo ukae hapa, tumepitwa na nusu nzima ya kipindi." Huyo hahami.