Ng'ombe Mbele ya Hakimu wa Amerika

Damaris, uko? Yawa, leo mama mkwe ameniua.

Ile kesi ya uhamiaji ya mwanangu Ken imesikizwa kwa video, na mimi ndiye shahidi. Hakimu alitaka kujua jambo moja tu: Ken alimwoa Liz, msichana wa Amerika, kwa kweli, ama alitafuta makaratasi ya kukaa huko? Akiona ni uongo, Ken anafukuzwa Amerika na kumwacha mtoto wao.

Nilikuwa nimetoa watu wote sebuleni. Hakimu akauliza kama niko peke yangu. Nikaapa niko peke yangu.

Nikaeleza vizuri. Walikuja hapa kwetu Awendo, tukawapokea, tukala.

Mara sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya pazia la mlangoni, kwa Dholuo: "Ndoa gani? Hatujapeleka hata ng'ombe mmoja wa mahari kwa kina Liz!"

Ng'ombe, Damaris! Na mkalimani wao akatafsiri yote, hakuacha kitu.

Hakimu akauliza, "Kwa hivyo familia haiitambui ndoa hii? Na huyo ni nani?"

Ushahidi wangu wote umetupwa. Uamuzi ni Ijumaa.

Nimemfokea mama mkwe. Ananitazama tu, anakunywa chai yangu. "Si wewe uliapa kusema ukweli?"