Sauti ya Pili kwenye Diski ya Harusi

S.L.P. 317,
Juu ya duka la viatu.

Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Pokea salamu za dada yako anayeandika huku chai ikipoa. Mimi ni mzima. Mguu wa kushoto bado unalalamika nikipanda ngazi, lakini kwa kuwa hakuna mwingine wa kulalamika humu ndani, nauacha useme. Natumaini wewe hujambo, wifi yangu hajambo, na Bwana Maswali ameshaota lile jino lililokuwa likiwakosesha raha nyumba nzima. Na mdogo wake je, bado analala na viatu?

Kwanza nikujibu. Ujumbe wako niliupata: “Dada, mama hasikiki, diski imekufa.” Maneno matano, baada ya ukimya wa tangu mvua zilizopita. Unanijua, nimeyahesabu. Sijanuna. Nimenuna kidogo.

Diski haijafa. DVD inaweza kubeba picha moja na sauti zaidi ya moja, kama mtu aliyevaa makoti mawili: unaloliona ni la juu tu. Programu uliyoitumia huko bila shaka inachomoa sauti ya kwanza na kuishia hapo, isipoambiwa vingine. Hiyo ya kwanza ndiyo aliyoipamba yule mpiga video wenu, yule aliyekuwa akipanda juu ya viti vya watu. Mama alipoanza kusema, yeye akaona maneno ya mama hayatoshi, akamlazia muziki juu. Mama alisema dakika nne na nusu. Kinanda cha bwana yule ni dakika tano. Kimemfunika mama mzima, na chenji ikabaki.

Nilijuaje kuna ya pili? Uzito. Niliipakia ile diski, nakala aliyoiacha mama, kwenye kompyuta yangu, nikaona ukubwa wake haukubaliani na urefu wake. Picha inakula kiasi fulani, sauti moja inakula kiasi fulani, na hapa palikuwa na uzito unaozidi ambao hauna mwenyewe. Nilikokotoa kwa kalamu, nikarudia. Jibu likawa lile lile: humu kuna mtu mwingine amejificha. Bwana yule, pamoja na vituko vyake, hakuitupa sauti ya ukumbini. Aliiweka chini, mahali ambapo hakuna atakayebonyeza.

Kazi yenyewe siku hizi imekonda. Zamani watu walikuwa wanapanga mstari hapa ngazini na kanda zao, na jina la Mama Kanda nililipata kwa jasho, hakuna aliyenishika mkono. Sasa kila mtu ana simu inayopiga picha na kuhifadhi, akishaibiwa ndiyo anakuja kulia kwangu. Dirisha nimelipaka rangi mpya, nikaandika upya “Tunatoa sauti kwenye DVD”. Jana alipanda mama mmoja, akasoma, akaniuliza, “Tunatoa? Mko wangapi?” Nikamwambia tuko mimi na kompyuta. Akacheka, akaacha diski ya mahubiri, akashuka. Ndiye mtu niliyeongea naye jana.

Fundi saa wa mlango wa pili amehama. Nilikuzoesha kumsikia kwenye barua zangu, kwa hiyo ujue hutamsikia tena. Amerudi kwao, nchi ya jirani, kwa binti yake. Kaniachia saa ya ukutani inayokwenda mbele, anasema hiyo ndiyo haikutaka kutengenezwa. Jumapili sasa jengo zima lina mimi tu na harufu ya gundi kutoka duka la viatu.

Kompyuta yangu ni ya zamani, kuchomoa sauti kunaipa homa. Ilipokuwa inahangaika, nilikaa hapa nikakumbuka ile barua yako ya mwaka wa kwanza huko, ulipokuwa bado unaandika. Ulinieleza kwamba huko mtu hajijazii glasi yake mwenyewe, ni aibu. Unamjazia jirani, jirani anakujazia wewe, na kama ni mtu mzima unashika chupa kwa mikono miwili. Ukaniambia siku ya kwanza kazini ulijimiminia mwenyewe kama uko nyumbani, bosi wako akakunyang’anya chupa kwa upole kama anamnyang’anya mtoto kisu.

Barua hiyo nilimsomea fundi saa. Akauliza, “Sasa ukikaa na bahili?”

“Si utakufa na kiu, mzee.”

“Basi mimi ningekufa siku ya kwanza, Mama Kanda, maana uso wangu hauombi.” Kisha akaniambia kwao mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni aone kwamba hakuna hila ndani ya chombo. Nikamwambia huku kwetu sheria ni moja tu: chupa yako ifunguliwe machoni pako na kifuniko ukae nacho. Tulicheka siku ile mpaka mwuza viatu akagonga dari kwa ufagio. Jumapili hii nimejimiminia chai mwenyewe, vikombe viwili. Huko kwenu ningekuwa nimeaibika mara mbili.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike barua, badala ya kukutumia faili kwa simu ukaisikiliza huku unavuka barabara.

Unajua nimebeba nini tangu siku ya harusi yako. Sijawahi kukuambia kwa mdomo, lakini wewe si mjinga, umeona ninavyonyamaza harusi hiyo ikitajwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwajazia watu glasi. Wale wahudumu wa kukodi walifika nusu, na nani mwingine angeingia? Dada wa bwana harusi akavua viatu vya kisigino akashika trei. Mama aliposimama kusema, mimi nilikuwa nje nyuma ya ukumbi, nashusha makreti na barafu. Sikusikia hata neno moja.

Wiki iliyofuata nilimwuliza shangazi mama alisema nini. Shangazi akajaa furaha. “Uuu, mama yenu siku ile! Alimshukuru kila mtu. Wakwe, majirani, mwalimu wa kwaya, mpaka dereva wa gari la maua!”

“Na mimi?”

Akanitazama kama nimemwuliza jina lake. “Wewe? Wewe si ulikuwepo?”

Hapo ndipo nilipofunga mlango, mdogo wangu. Mama sikumwuliza. Nilisema moyoni, kama dereva wa maua ametajwa na mimi sikutajwa, basi nitaishi hivyo hivyo. Nikamwuguza mpaka mwisho bila kumwuliza, na alipotuacha nikajua sasa hakuna wa kumwuliza. Ulipoleta ule ujumbe wako wa maneno matano, niliikodolea macho ile diski siku kadhaa kabla ya kuigusa. Niliogopa isije ikawa kweli mama hasikiki. Niliogopa zaidi asikike.

Basi kompyuta ilipomaliza, nikavaa spika za masikioni, nikabonyeza.

Mama yuko pale, Kijiko. Anakohoa kwanza, kile kikohozi chake cha kuomba njia. Anasema polepole, na unasikia viti, na mtoto wa mtu analilia soda. Anawashukuru wakwe. Anamshukuru mjomba. Anamshukuru mwalimu wa kwaya. Dereva wa maua yumo, shangazi hakudanganya. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza nikingoja jina langu. Halikuja. Mama akasema Mungu awabariki, watu wakapiga makofi, hotuba ikaisha.

Nilitaka kuzima. Bahati, mkono ulikuwa mzito.

Makofi yanapungua, mshereheshaji anapiga kelele, “Haya waheshimiwa, glasi juu!” Hapo mama anasema, na kipaza sauti bado kiko mkononi mwake, “Bado. Bado, jamani. Aliyewajazia hana glasi.”

Watu wanacheka. Mshereheshaji anasema, “Nani huyo, mama?”

“Binti yangu. Yuko wapi? Mwekeeni kiti hapa kwangu.” Kisha unasikia kiti kinaburutwa, mwangwi mkubwa, kwenye sakafu ile ya ukumbi.

Halafu ni wewe. Unasema, “Mama, dada atakunywa baadaye. Watu wana kiu.” Unasema kwa kucheka, si kwa ubaya. Nimeirudia mara nyingi nikitafuta ubaya, sijauona. Ulikuwa bwana harusi, kola inakubana, ulitaka mambo yaishe. Nakulaumu kidogo tu, na hilo kidogo niachie, ni langu.

Glasi zinagongana, ukumbi mzima. Na chini ya kelele hiyo, karibu kabisa na kipaza sauti, mama anasema kama anaongea na kitambaa cha meza: “Haya, kunyweni nyie. Mimi namngoja.”

Baada ya hapo ni muziki wa kweli, wa ukumbini, na mpiga video anawaita wazazi nje kwenye picha.

Sasa sikiliza kitu ninachokijua mimi peke yangu, hakimo kwenye diski yoyote. Niliporudi na barafu watu walikuwa wameshakunywa, na mtu akanipachika trei ya glasi chafu. Nikaanza kukusanya. Meza kuu nikakuta kiti cha ziada kando ya kiti cha mama, nikakirudisha ukutani kwa sababu kilinizuia kupita. Na glasi ya mama nikaikuta imejaa mpaka juu, haijaguswa. Nikasema, mama naye, hajakipenda kinywaji. Nikaimwaga kwenye ndoo pamoja na nyingine.

Ndiyo hiyo, mdogo wangu. Tangu nisikie sijui nifanye nini na mikono yangu. Nimefagia duka mara mbili na hakuna aliyelichafua. Nilitaka kumwambia mtu, nikagonga mlango wa fundi saa, mpaka nikaona kufuli ndipo nikakumbuka.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi. Faili ni moja, ya sauti ya pili, itasikika kwenye gari lako bila shida. Kelele za feni nimezipunguza. Mama sijamgusa, na wewe sijakukata. Wifi asikilize pia, watoto wasikilize sauti ya bibi yao, ila kwanza isikilize peke yako ukiwa umeegesha.

Na ninakuomba jambo moja, nami si mwombaji, unajua. Njoo. Si lazima mje wote, najua safari ya watu wanne inavyokuwa. Usilete nguo wala simu. Lete chupa moja ya chochote wanachokunywa huko, uje unijazie wewe, kwa mikono miwili kama walivyokufundisha. Glasi ninazo. Kiti nimekiweka.

Nisalimie wifi yangu, mwambie kitambaa alichonitumia nimeshona pazia la duka. Wasalimie Bwana Maswali na mlala-na-viatu, waambie shangazi yao bado ana meno yote. Shangazi yetu sisi anakusalimu. Masikio yamepungua, mdomo haujapungua. Mjomba naye anauliza kama huko bado mnaona jua.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe usingizi mzuri, na akuondolee uvivu wa kuandika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikinuna,

Mama Kanda